Taya la Msemaji wa Ukoo

Kwanza nilimlaumu mke wangu. Ndivyo tulivyozoea nyumbani kwetu Kijenge: kitu kikiharibika kinaanza kuwa kosa lake, halafu baadaye ndipo tunatafuta sababu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ninakula makande yaliyolala, na nilipofika kijiko cha tatu taya langu la kulia likalia ta! Maumivu yakapanda kutoka pembeni mwa shavu, yakapita mbele ya sikio, yakaenda kukaa kwenye panja. Nikaweka kijiko chini, nikasema mahindi hayakuiva.

"Yameiva tangu jana," alisema mke wangu. "Jana umekula sahani mbili."

"Leo hayajaiva."

"Mahindi hayarudi nyuma, mzee."

Nikahamia kwenye uji. Baada ya wiki moja nilikuwa ninaamka taya limekaza, nalishika kwa mikono miwili na kulibembeleza lifunguke, na kanisani nilikuwa naogopa kupiga mwayo, jambo ambalo kwa mahubiri ya siku hizi ni mtihani mkubwa. Ningeweza kuvumilia. Mimi ni mvumilivu sana, hasa nikiwa na watu wa kuniangalia ninavyovumilia. Tatizo lilikuwa tarehe.

Marehemu mdogo wangu aliacha mtoto wa kiume, kijana mpole anayefanya kazi ya umeme wa majumbani, na huyo kijana alikuwa amepata mchumba. Binti ni wa Waarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, watu wa ng'ombe na mahindi, Walutheri kama sisi. Barua ya posa ilikwishapelekwa, nao wakajibu kwamba tuje Jumamosi ya mwisho ya mwezi unaofuata tupokee jibu. Kulikuwa na wiki tano. Na wa kusimama kusema kwa niaba ya ukoo nilikuwa mimi, kama kawaida.

Cheo hiki nimekuwa nacho kwa zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyenichagua. Siku moja kwenye posa ya binamu yangu, mzee aliyepaswa kusema alikuwa amelewa kabla hatujavua kofia. Nikasimama badala yake, na tangu siku hiyo sijakaa. Kazi yangu yote ilikuwa ualimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kuongea na watu wasioruhusiwa kutoka mpaka kengele ilie.

Hotuba yangu ni ile ya mtamba. Kila mtu wa huku anaijua desturi yenyewe: mnafika kwa watu, mnakaribishwa, mnaulizwa kilichowaleta, na badala ya kusema tumekuja kuoa, msemaji anasema tulikuwa tunapita zetu tukaona mtamba mzuri kwenye boma lenu. Wengine wanaimaliza kwa dakika tano. Mtamba wangu mimi anakunywa maji mtoni, anavuka korongo, anapotea kwenye ukungu wa mlimani, anaonwa na mchungaji mmoja asiye na hakika na alichokiona, na mpaka aingie zizini kwa wenyeji, wali umepoa na watoto wamelala kwenye mapaja ya mama zao. Watu walikuwa wananishika mkono baadaye wanasema, "Mwalimu, leo umeongea!" Sikuwahi kujiuliza walikuwa na maana gani.

Basi mtu kama huyo, taya likimkaza wiki tano kabla ya posa, hawezi kutulia. Nikaanza kutafuta dawa.

Mke wangu alikuwa na jibu tayari. Alisema ninasaga meno usingizini, anasikia krr krr upande wangu wa kitanda, na kila mtu anajua kwamba anayesaga meno usiku ana minyoo. Akaninunulia dawa ya minyoo, naye akameza zake ili asiachwe nyuma. Minyoo, kama walikuwepo, walikufa. Meno yaliendelea kusagwa.

Kinyozi wangu wa Levolosi, mtoto wa watu wa Tanga, aliniambia nitafune karafuu. Nilikaa siku tano nanukia pilau, mpaka mzee mwenzangu wa kanisa akaniuliza nani anaoa. Niliporudi kulalamika, yule yule kinyozi akabadili maneno bila hata kuona haya. Akasema ikiwa si jino basi ni msuli, na msuli ni msuli tu, unataka mazoezi. Hao vijana wa kunyanyua vyuma wanaokuja kunyolewa kwake walianza hivyo hivyo na maumivu. Akanishauri nitafune jojo. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikatafuna jojo siku nne mfululizo, nikitembea barabarani kama kondakta. Siku ya nne jioni mdomo wangu ulifunguka kiasi cha kupitisha ncha ya kijiko.

Sasa lazima nieleze habari za meno yetu, maana bila hayo upumbavu uliofuata hauwezi kueleweka.

Mimi nimezaliwa Kikwe, huko kwetu Umeruni. Maji tuliyoyanywa utotoni yana madini yanayotia meno rangi ya chai ya mkandaa, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki, mkaa, majivu wala maombi. Nyumbani hakuna anayeshangaa, kwa sababu anayekuchekea naye ni hivyo hivyo. Nilipoenda chuo cha ualimu mkoa mwingine ndipo nilipojua kwamba nina kasoro. Wenzangu walisema Wameru tunapiga mswaki kwa ugoro. Nilicheka miaka miwili nikiwa nimefunika mdomo kwa mkono, na hata leo mtu akinipiga picha mkono unanyanyuka wenyewe.

Ndiyo maana mtu wa kwetu akiumwa na kitu chochote kuanzia shingoni kwenda juu, mshukiwa wa kwanza ni jino. Sikio likiuma, ni jino. Jicho likitoa machozi, ni jino. Tumesimangwa mno kuhusu meno hadi na sisi tumejiunga na wanaoyasimanga.

Nikaenda kwa daktari wa meno mjini. Alikuwa kijana, kwa matamshi yake ni mtu wa kanda ya ziwa. Akanigongagonga kila jino kwa kijichuma, akapiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akasema:

"Mzee, meno yako ni mazima. Rangi tu ndiyo imeharibika, lakini ni magumu kama mawe. Kinachouma ni msuli wa kutafunia. Huu hapa." Akanigusa shavuni nikaruka.

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu: rangi imeharibika. Nikamwambia kwamba nimekuja na jino na ninataka niondoke bila jino. Akasema hang'oi jino zima. Akaniandikia karatasi niende kwa mtaalamu wa viungo. Mtu wa viungo! Wa kunyoosha magoti ya wazee! Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni mwa koti, nikatoka nimekasirika sana, kwa sababu mtoto wa juzi amenitazama mdomoni akanihurumia.

Siku ya pili nikatafuta mwingine. Sitasema ni wapi, na yeye mwenyewe sidhani kama angependa nitaje. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, mlangoni kumechorwa jino linalocheka. Bwana mwenyewe aliuliza swali moja tu: lipi?

Nikaonyesha.

"Lile kahawia?"

"Ndiyo, hilo kahawia."

"Yote ni kahawia, mzee."

"Lile kahawia zaidi."

Akalishika. Jino likakataa. Alivuta, akapumzika, akavua koti, akavuta tena, akaweka goti kwenye kiti. Muda wote huo, kama saa nzima, mdomo wangu ulikuwa umeachamishwa kwa nguvu, na ule msuli ambao kijana wa kanda ya ziwa alinigusa ulikuwa unapiga kelele peke yake. Lilipotoka, lilitoka na mizizi mitatu mirefu myeupe pe, haina hata alama. Bwana yule akaligeuzageuza kwenye mwanga kwa heshima.

"Jino hili lingekuzika," alisema.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi nilikuwa nimekwenda mbele zaidi yao: nililitengeneza pengo mwenyewe, kwa hiari, na maumivu hayakupungua hata kidogo. Kwa kweli yaliongezeka. Mke wangu alinitazama ninavyojaribu kunywa maji kwa pembe ya mdomo, akasema, "Sasa una vyote viwili." Kisha akaenda kwenye koti langu, akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamke wa makamo ya binti yangu, mfupi, mwenye vidole vya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba kwa kinywa kisichofunguka.

"Weka vidole vitatu mdomoni, mzee. Hivi, vimesimama."

Kiliingia kimoja, cha pili kikaishia kwenye kucha.

Akavaa glavu, akaingiza kidole gumba ndani ya shavu langu, vidole vingine vikabaki nje, akaubana ule msuli katikati. Nilipiga ukelele mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakanyamaza.

"Huyu ndiye mgonjwa," alisema. "Jino ulilong'oa lilikuwa jirani tu."

Akanieleza. Msuli wa taya, alisema, ni mdogo lakini una nguvu kuliko tunavyodhani, na mtu akiukaza kutwa na usiku unachoka kama mguu wa mtu aliyepanda Mlima Meru bila kupumzika. Sikuwa na ugonjwa wa kutisha. Nilikuwa nimeukaza, kisha nikautafunisha jojo, kisha nikauachamisha saa nzima. Dawa yake ilinikatisha tamaa kwa udogo: kitambaa cha maji ya moto shavuni robo saa, asubuhi na jioni, kuukanda taratibu kwa vidole, kula vitu laini vilivyokatwa vidogo, kushika kidevu nikipiga mwayo, kutoegemeza shavu kwenye kiganja. Na ulimi uwe umelala kwenye paa la mdomo, nyuma ya meno ya juu, midomo imefungwa, meno yameachana.

"Yameachana saa ngapi?"

"Saa zote. Meno ya juu na ya chini yanakutana wakati wa kula. Baada ya hapo kila mtu akae kwake."

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu na hilo lilikuwa jipya kwangu. Nilidhani meno yapo pale ili yakutane.

Kisha akatoa kazi ya nyumbani. Nikate vipande vya karatasi nyekundu, nivibandike mahali ninapotazama mara kwa mara: kwenye redio, kwenye kioo, kwenye mlango wa banda la kuku. Kila nikiona chekundu, nijiulize kama nimeuma meno. Nikikuta nimeuma, niachie, halafu niandike kwenye daftari nilikuwa ninafanya nini wakati huo.

"Na kuongea?" niliuliza. "Nina shughuli. Nina hotuba."

"Hotuba mpaka upone. Kwa sasa maneno ya lazima tu."

"Maneno yangu yote ni ya lazima."

"Basi itabidi uchague, mzee wangu."

Kazi ya nyumbani niliifanya kama ninavyotaka wanafunzi waifanye na kama ambavyo hakuna aliyewahi kuifanya. Daftari ninalo mpaka leo. Siku ya kwanza nimeandika: "Mke wangu anaeleza bei ya vitunguu." Meno yameumana. "Mchungaji anahubiri kuhusu Zakayo." Yameumana tangu Zakayo yuko chini ya mti. "Kikao cha mtaa, mwenyekiti anasoma taarifa." Yameumana, na pembeni nimeongeza kwa hasira, "anasoma vibaya". "Mtangazaji wa redio." "Jirani anasimulia safari ya Babati." Nikilisha kuku, meno yameachana. Nikimwagilia mchicha, yameachana. Nilipokuwa ninaongea mimi mwenyewe, hata kwa yale maneno machache ya lazima, hakuna tatizo kabisa. Akitokea tu binadamu mwingine akafungua mdomo wake, yangu yanafunga kama komeo.

Yule mtaalamu alisoma kurasa zile taratibu, akageuza, akarudi nyuma, akasoma tena. Niliona anajizuia kucheka na niliona pia kwamba hakufanikiwa.

"Mzee, wewe unangoja zamu."

"Zamu gani?"

"Ya kuongea. Watu wakisema, wewe husikilizi, unawangoja wamalize. Na unawangojea kwa meno."

Nikamwambia kwamba hayo si mambo ya viungo. Akasema ndiyo, si mambo ya viungo, akaendelea kunikanda. Njia nzima kurudi Kijenge nilikuwa ninatunga majibu ya kumpa, mazuri, yenye mifano, na nilipopita dirisha lenye kitu chekundu nilijikuta nimeuma meno mpaka sikio linalia.

Siku kumi kabla ya posa tulikutana Kikwe, nyumbani kwa shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Yeye ni mwanamke wa maneno machache. Anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, analima mahindi na nyanya, na katika miaka yote niliyomfahamu nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watu wanaokubali. Alinipikia loshoro, chakula chetu cha ndizi na maziwa ya mgando, kwa sababu alisikia habari za taya, na ndizi zake alizisaga zikawa laini kama za mtoto anayeachishwa ziwa. Vidole viwili vilikuwa vinaingia mdomoni. Nilijaribu mtamba mbele yao; dakika ya kumi, kabla hajavuka korongo, taya likashika nikashindwa kuendelea.

Nikapendekeza tuahirishe posa.

Ndiyo, nilisema hivyo. Watu wametenga ng'ombe wa kuchinja, binti ameandaa nguo, ukoo mzima wa upande wa magharibi umealikwa, na mimi nikapendekeza wote wangoje shavu langu. Mpwa, nikimwita hivyo kwa lugha ya vitabu, maana yeye huniita baba mkubwa na mimi humwita mwanangu, aliinamisha kichwa. Shemeji alikuwa ananiongezea loshoro bakulini.

"Nitasema mimi," alisema.

Nilikubali kwa sharti moja, kwamba asome nitakachomwandikia. Nikaandika kurasa tisa, mbele na nyuma, mtamba mzima na mto wake na ukungu wake. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante shemeji," akazikunja akazitia kwenye pindo la kitenge.

Siku ilipofika tulizunguka mlima tukafika kwa wakwe kabla ya saa sita. Walitupokea vizuri sana. Nyama ilikuwa inachomwa nyuma ya nyumba na harufu yake ilinitesa, kwani nilijua mbavu zile sitazitafuna. Tukaketi, sala ikasomwa, na msemaji wao akasimama: mzee mrefu mwenye shuka na fimbo, meno yake kahawia kama yangu. Akatuuliza kama tumepotea njia. Hapo ndipo pangekuwa pangu. Kila mtu wa upande wetu akanitazama kwa mazoea, kisha wakakumbuka, kisha shemeji akasimama.

Mzee yule akamtazama, akatutazama wanaume tuliokaa.

"Wameru mmeishiwa wanaume?"

Wakacheka wote, na wa kwetu wakacheka.

"Wapo, baba," alisema shemeji. "Mmoja taya linamuuma, na wengine wamezoea kumngoja."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa mke wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kama nilivyofundishwa, ulimi kwenye paa la mdomo, midomo imefungwa. Meno ndiyo yaliyokataa. Yalikuwa yameumana tangu alipoanza kunyanyuka kwenye kiti, kabla hata hajasema neno, na maumivu yalikuwa yanapanda mpaka kwenye panja, na kwa mara ya kwanza niliyaona yanavyoanza. Yule mwanamke mwenye vidole vya unga alikuwa amesema kweli. Nilichukia sana kujua hivyo mahali pale, mbele ya wakwe.

Shemeji hakutoa karatasi zangu.

"Hatukupotea," alisema. "Na hatukuona mtamba. Binti wa watu hafanani na mtamba. Tumekuja kwa ajili ya binti yenu, mwanangu anampenda, na yeye ametuambia anampenda. Tunaomba jibu."

Nikadhani amemaliza, nikaanza kuvuta pumzi.

"Nina neno moja la marehemu baba yake. Aliniachia nimwambie mwanaye. Alisema, mwambie kwamba nilimpenda mama yake kuliko ng'ombe wangu wote. Sikuwahi kumwambia, maana muda wote nilikuwa na ng'ombe na sikutaka wasikie. Mwambie yeye, siku akioa, amwambie mke wake angali hai."

Akakaa.

Wanawake wa upande wao walicheka huku wanajifuta macho kwa pembe za khanga. Yule mzee wa fimbo alibaki amesimama, akasema kitu kwa Kimaa na wenzake wakaitikia, kisha akatwambia kwa Kiswahili kwamba jibu ni ndiyo na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa saa mbili, sasa hajui autie wapi. Nyama ililetwa ikiwa ya moto. Nyama ya moto kwenye posa, sijawahi kuiona nikiwa msemaji. Mke wangu alinikatia vipande vidogo vidogo kwa kisu, nikavimung'unya nikiwa nimeinama, na kila mwenyeji aliyepita kwetu alikwenda kumshika mkono shemeji.

Taya lilipona. Lilichukua miezi mitatu ya vitambaa vya moto na vipande vyekundu, na fundi wa meno mmoja, niliyeelekezwa kwake na yule kijana wa kanda ya ziwa niliyekwenda kumwomba radhi, akanitengenezea kinga ya plastiki ninayovaa nikilala. Vidole vitatu vinaingia sasa vikiwa vimesimama. Ninakula mahindi ya kuchoma. Harusi ilipita, na kwenye harusi kulikuwa na mshereheshaji wa kulipwa, kwa hiyo sikuhesabu.

Kisha dada yake yule kijana akapata mchumba, na safari hii sisi ndio tulikuwa tunapokea wageni. Nikaanza kujiandaa. Kumpokea mgeni kuna hotuba yake, ndefu kuliko ile nyingine, na nilikuwa nimeiongezea mambo. Wiki mbili kabla, kijana akaja Kijenge jioni akiwa na kilo mbili za sukari na heshima nyingi kuliko kawaida. Alikunywa chai. Alitengeneza swichi ya sebuleni bila kuombwa. Halafu akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba mkubwa, tumeongea nyumbani. Tumeona mama ndiye aseme."

"Taya limepona," nilimwambia. "Nilikwambia kwenye simu."

"Nashukuru Mungu."

"Kwa hiyo kama ni kwa ajili ya taya, hakuna haja."

Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo, tungepeana mikono na mimi ningebaki na heshima yangu. Lakini amerithi kwa mama yake ule ugonjwa wa kusema maneno machache ya kweli.

"Hapana, baba mkubwa. Si taya."

Iliniuma. Nasema wazi kwamba iliniuma kuliko kung'olewa jino zima bila sababu. Nikamuuliza basi ni nini, miaka ishirini na zaidi nimeusemea ukoo huu, ni nini. Nilikuwa nimepaza sauti. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni.

"Siku tunamzika baba," alisema, akiangalia kikombe, "mama alikuwa na maneno yake. Alikuwa kwenye ratiba, dakika tano, baada yako. Ni yale aliyosema kwa wakwe. Ulisema mpaka mvua ikashuka, mchungaji akaagiza tuzike haraka."

Nikamwambia sikumbuki mvua.

Akasema sawa, baba mkubwa. Akamaliza chai, akatuaga, akaenda zake, na mke wangu akaondoa vikombe.

Mvua ninaikumbuka. Ninakumbuka wachimbaji walivyokuwa wanateleza kwenye tope, na ninamkumbuka shemeji upande wa pili wa kaburi, ameshika kikaratasi anakikinga kwa kiganja kisilowe, ananitazama mdomoni. Kikaratasi kile nilidhani ni ratiba.